Vidole vya Mama Mwende

Nyinyi vijana mlioitwa kazi ya ukarani wa uchaguzi, hongereni. Nasikia wengi wenu ni wa mitaa ya Lindi, Mashimoni na huku kwetu Kawangware, na nimefurahi kwa sababu ni watoto wa nyumbani. Sasa kabla hamjaikimbilia hiyo mashine ya kusoma vidole, hebu kila mmoja wenu aangalie mikono yake. Si kucha, ni ncha za vidole. Ukiona mistari yako iko pale yote, mshukuru Mungu, halafu ujue kwamba mbele ya meza yako watasimama watu ambao mistari hiyo waliimaliza kazini zamani. Mimi nilichelewa sana kulijua hilo, na aliyenifundisha alilia kwa sababu yangu.

Naitwa Syombua. Mtaani mimi ni Mama Kioko, kazini nilikuwa Madam. Nimefanya kazi katika ofisi ya uchaguzi ya eneo letu tangu nikiwa msichana wa kupiga taipu mpaka nilipostaafu nikiwa msimamizi wa kituo. Watu huniuliza, "Kwani hiyo miaka ya katikati, kabla kura ije tena, huwa mnafanya nini? Mnalala?" Haki huwa nakasirika. Tunaandikisha watu, tunahamisha waliohama, tunafuta waliofariki, tunahesabu mihuri, tunafungua masanduku yaliyokaa stoo. Mwaka mmoja nilifungua sanduku la kura nikapata panya amezalia ndani, yeye na watoto wake sita, wametulia kabisa. Nilipiga mayowe mpaka askari akaja na bunduki.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Ouma, mtu wa kando ya ziwa, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa kwenye jua na kwenye mvua. Wakati huo daftari la wapiga kura lilikuwa kitabu cha karatasi, kinene, majina yamebanana. Mzee Ouma alikuwa na rula yake ya mbao, ya wanafunzi, iliyoliwa upande mmoja. Mtu akifika, anaiweka rula chini ya jina, analiita jina kwa sauti ili maajenti wa vyama wasikie, kisha analikata kwa kalamu akifuata ukingo wa ile rula. Pole pole hivyo, mtu baada ya mtu, kutwa nzima.

Mimi siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha kura pale Lindi niliona rula ni mambo ya darasa la tatu. Nikawa nakata majina kwa mkono mtupu, mbio mbio, najiona fundi. Mchana akaja dada mmoja anaitwa Akinyi. Natazama kitabuni, jina lake limeshakatwa. Nikamwambia, "Wewe umepiga kura asubuhi." Wueh! Yule dada alipiga nduru iliyosikika mpaka kwenye kioski ya maji. Kumbe asubuhi alikuja Akinyi mwingine, wa mstari wa juu, na jicho langu likaruka.

Mzee Ouma hakunigombeza. Aliomba mkono wa Akinyi, akakitazama kidole chake kidogo cha kushoto kama kina wino wanaopakwa waliokwisha kupiga kura. Hakikuwa nao. Akawaita maajenti wakakitazama na wao, akaandika maelezo, wakatia sahihi, dada akapiga kura yake akatoka akinikata jicho. Ndipo mzee akanigeukia. "Binti," akasema, "uliangalia kitabu, hukuangalia mtu. Anza na mtu." Halafu akanipa ile rula niishike siku hiyo, yeye akatumia ukingo wa kitambulisho chake.

Namshukuru mzee huyo kila siku. Kuna kiburi nilichokuwa nacho ambacho angeweza kukiponda mbele ya watu, na hakufanya hivyo.

Msidhani mambo ya zamani yalikuwa mazuri, lakini. Wazee wenzangu hupenda kuwadanganya hapo. Mara moja ililetwa amri kwamba laini zigawanywe kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo. A mpaka H chumba hiki, I mpaka P kile, Q mpaka Z kile cha mwisho. Aliyeandika amri hiyo sijui alikuwa anafikiria nchi gani. Lindi hiyo! Otieno, Odhiambo, Onyango, Owino, na sisi Wakamba akina Mutua, Musyoka na Muthama, sote tumebanana hapo katikati. Laini ilizunguka vyoo, ikapita kioski, ikarudi tena getini. Chumba cha mwisho makarani walikuwa wanasinzia, na mle ndani alikuwamo mama mmoja tu wa mandazi ambaye aliingia kwa sababu ya kivuli. Mzee Ouma aliwaamsha wale makarani akawaleta kwetu na kitabu kikagawanywa kurasa. Alituokoa siku hiyo kwa akili ya kawaida tu.

Kwa hiyo mashine ilipokuja, mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Kitu kidogo, unakishika mkononi, mtu anaweka kidole, picha yake inatokea na jina na namba. Hakuna Akinyi kuchanganywa na Akinyi. Hakuna marehemu kuja kupiga kura akitoka makaburini. Hakuna panya. Nilijifunza kuifuta kioo chake kwa kitambaa kikavu, kuiweka mbali na dirisha ili jua lisiipige, kuhakikisha ina chaji ya kutosha na kuiweka mbali kabisa na chai. Nilikuwa nikiipanguza kama mtoto wa kwanza. Mzee Ouma alikuwa ameshastaafu, na mimi nilisema moyoni kwamba rula yake imestaafu naye.

Sasa niwaeleze Mama Mwende ni nani. Ni mama wa kutoka Kitui, jirani yangu katika ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Kawangware, karibu na stage ya matatu ya 56. Ni mama fua. Amelea watoto wanne kwa beseni na sabuni, akifua nguo za watu wa maghorofa ng'ambo ya barabara, na jioni za ploti yetu. Zangu pia alikuwa anafua yeye, Jumamosi, na sijapata kuona mtu anayejua kola kama yeye. Wakati wa kuandikisha watu nilimkuta bombani nikamuuliza kama amejiandikisha.

"Hao watu wa vidole tumekosana," akanijibu. "Nilipotafuta kitambulisho nilirudishwa, ati alama haionekani. Nikaenda tena, nikarudishwa. Mtu ananishika mkono ananiuliza, mama, wewe vidole vyako viko wapi? Watu wanacheka. Nilipokipata nikasema basi, siendi tena mahali pa kushikwa vidole."

"Hiyo ilikuwa ya wino na karatasi," nikamwambia. "Siku hizi ni mashine. Inasoma."

"Inasoma mpaka vya mama fua?"

"Inasoma mpaka vya jiwe."

Mdomo wangu huo. Akakamua shuka, halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. "Unajua, Mama Kioko, mimi huambiwa tu. Fua hii, anika ile, usitie dawa ya madoa kwa hiyo nyekundu. Nimezeeka hivi na hakuna mtu amewahi kuniuliza mimi nataka nini. Kura si ni kuulizwa? Basi nataka siku moja na mimi niulizwe."

Nikamwandikisha mwenyewe. Mashine ilisumbua, ikakataa, ikakubali. Sikujiuliza kwa nini. Nilifurahi tu kwamba imekubali.

Siku ya kura alikuwa kati ya watu wa kwanza. Alivaa gauni la kanisani na kitambaa cha kichwa cha bluu. Alipofika mezani aliniita "Madam", akitabasamu, kama mtu asiyenijua, kwa sababu aliona nimevaa blauzi nyeupe na beji na hakutaka kuniharibia. Akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka cha pili. Ikakataa. Mkono wa kushoto, hivyo hivyo. Nyuma watu wakaanza, "Madam, songesha laini! Tuna kazi!" Jasho likanitoka. Na mimi, vijana wangu, nikasema maneno haya: "Mama, enda unawe mikono vizuri na sabuni, halafu urudi."

Nilimwambia mama fua akanawe mikono na sabuni.

Akaitazama mikono yake. Akaenda bombani, akanawa, akarudi ikiwa imelowa, na mashine ilizidi kukataa. Nikamrudishia kitambulisho. "Mashine imekukataa, mimi siwezi kufanya kitu. Anayefuata!" Akakipokea, akatoka. Sikumwangalia hata mgongo. Nilikuwa nakipanguza kioo.

Saa tisa hivi niliingia chumba cha pili cha shule hiyo tuliyopigia kura, kwa msimamizi mwenzangu Madam Kemunto, kuomba kidau cha wino wa muhuri. Nikamkuta na fundi mmoja wa mawe, mikono imekauka simenti. Kemunto anajaza fomu, maajenti wamemzunguka wanatia sahihi.

"Hiyo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya vidole kukataa," akasema bila kuinua kichwa. "Unatafuta kwa namba ya kitambulisho, picha inatokea, unamlinganisha na mtu, unajaza hapa, maajenti wanashuhudia, anapiga kura. Si tulifundishwa? Wewe ulikuwa wapi?"

Nilijua nilikuwa wapi. Siku ya mafunzo, somo hilo lilipokuwa likifundishwa, mimi nilikuwa nje nagombana na mtu wa chakula kwa sababu chapati hazikutosha. Nilishinda ugomvi huo. Nilirudi darasani na chapati mbili mkononi, nimejivuna, na wenzangu walikuwa wameshageuza ukurasa. Msicheke. Au chekeni, lakini mkumbuke kwamba kwa ajili ya chapati mbili mtu alinyimwa kura yake.

Nilimpigia Mama Mwende simu, imezimwa. Nikamwomba mama mmoja wa ploti yetu, aliyekuwa amemaliza kupiga kura, amtafute. Alikuwa amekwenda kufua kwenye maghorofa, maana asubuhi yake ilikuwa imepotea na ilibidi angalau mchana apate kazi. Saa kumi na moja ikafika. Sheria mnaijua: aliyeko kwenye laini saa hiyo atapiga kura hata kama laini ni ndefu namna gani, na askari husimama nyuma ya mtu wa mwisho. Anayekuja nyuma ya askari amechelewa.

Alikuja nyuma ya askari. Alikuja akikimbia, gauni lile la kanisani amelifunga kiunoni, povu la sabuni limemkaukia kwenye viwiko. Dakika chache tu. Nikatoka mpaka getini. Maajenti walikuwa wamesimama mlangoni wananitazama, na ningemfungulia geti huyo mmoja, kura za kituo kizima zingetiliwa shaka. Nilijua hivyo. Bado mkono wangu ulikuwa kwenye geti.

"Umeniita, nimekuja," akasema, akihema.

"Mama Mwende, tumefunga. Nimekosea mimi. Asubuhi nimekosea, kulikuwa na njia nyingine na sikuijua."

"Mara mbili, Mama Kioko," akasema. "Siku moja." Akakaa chini kwenye mawe ya pale nje ya geti, akalia, na mimi nikaingia ndani kufunga masanduku.

Siku ya tatu akagonga mlango wangu. Alikuwa na nguo zangu zote zilizokuwa kwake, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Blauzi nyeupe iko juu. "Hizi ndizo za mwisho," akasema. "Tafuta mtu mwingine. Hii uliivaa siku hiyo. Nilikuwa nimeifua Jumamosi yake. Kola ilikuwa na doa la chai, nilisugua na dawa mpaka likatoka." Akaninyooshea vidole vyake karibu na uso. Vilikuwa laini kabisa, vinang'aa, hakuna mstari hata mmoja. "Vidole vyangu viko hapo kwenye kola yako. Waambie hao wenye mashine."

Nilipokea nguo zangu nikafunga mlango, nikalia kwa aibu.

Jumapili yake nilikwenda Mashimoni kwa Mzee Ouma. Nikamsimulia yote. Nilitarajia atanifariji, au acheke, maana alikuwa mcheshi. Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Ulianza na mtu?" Nikasema hapana. Akaingia ndani akatoka na ile rula.

"Mzee, kwenye mashine hakuna mahali pa kuweka rula," nikasema.

"Ulidhani ilikuwa ya kunyoosha mistari?" akaniuliza. "Ile ilikuwa ya kunizuia mimi haraka. Mimi pia nilikata majina ya watu kabla yako. Iweke mezani."

Nimeitunza rula hiyo. Nyuma yake niliandika kwa kalamu ya wino mzito mambo ya kufanya kidole kikikataa, moja baada ya jingine, kwa maandishi makubwa ya mtu anayeanza kuhitaji miwani. Sikukosa somo tena. Chapati waligawana wenyewe.

Halafu nikaanza kujifunza mikono ya watu. Kura nyingine ilipokaribia, wakati wa watu kuhakikisha majina yao, niliomba ofisi iniruhusu kuweka meza karibu na mahali mama fua husubiri kazi asubuhi, wakakubali. Nikawaambia mama fua, mafundi wa mawe, wauza viazi, wote waje tupime. Haya ni mambo ambayo hamtayakuta kwenye kitabu chenu, kwa hiyo sikilizeni. Mkono uliotoka majini usiupime saa hiyo, acha ukauke na upate joto. Mtu wa simenti mwambie ajipake mafuta siku mbili tatu kabla, kisha siku yenyewe apanguse. Msiishie kwenye gumba, jaribuni vyote kumi. Mama fua akisugua, kidole kidogo cha kushoto huwa kinakaa pembeni hakifanyi kazi nyingi, na mara nyingi ndicho kilichobaki na mistari. Na mtu akikataliwa na mashine, msiseme "mashine imekukataa". Semeni, "Ngoja kidogo, mama, tuna njia nyingine." Mtaona uso wake.

Mama Mwende alikuwa anapita hapo kila asubuhi bila kunisalimia. Wenzake wakawa wanamwita, "We Mwende, kuja, kidole kidogo kinafanya!" Asubuhi ya mwisho kabisa, nilipokuwa nafunga meza, akasimama mbele yangu akaweka kidole kidogo cha kushoto. Taa ya kijani ikawaka. Nilitaka kuruka.

"Tutaona siku yenyewe," akasema, akaenda zake.

Siku yenyewe alikuja, gauni lile lile, kitambaa kile kile cha bluu. Hakuniita Madam wala Mama Kioko. Aliweka kidole kidogo, na mashine ikakataa. Baadaye nilijua kwamba juzi yake alikuwa amefua mablanketi ya nyumba nzima kwa dawa kali, wenyewe walikuwa wanahama. Tukajaribu vyote kumi, kimoja kimoja. Vyote vikakataa. Nikaona macho yake yanaenda mlangoni. Laini ikaanza tena ule wimbo wake, "Madam, songesha!"

Nikaichukua rula nikaiweka mezani, mbele yangu. "Keti, mama," nikamwambia. "Leo hutoki hapa bila kuulizwa."

Ajenti mmoja kijana akainuka. "Madam, mashine ikikataa imekataa. Huyu anaweza kuwa mtu yeyote tu. Hiyo mimi siwezi sign."

Zamani ningemjibu maneno ambayo mama yake angeyasikia kutoka nyumbani. Siku hiyo nilimsomea sheria kutoka kwenye kitabu chetu, pole pole, nikifuata mistari kwa rula, mpaka mwisho. Nikaingiza namba ya kitambulisho. Picha ikatokea: Mama Mwende, kitambaa cha kichwa, amekaza midomo kama mtu anayeogopa sindano. Nikaigeuza mashine. "Kijana, angalia picha. Sasa usiangalie mimi, mwangalie yeye. Kwa utulivu."

Akamwangalia. Akainama kidogo, akamwangalia tena, uso ukambadilika. "Ah," akasema, "ni yeye. Huyu si ndiye hufulia mathe? Pole, mama. Sikuwa nimekucheki poa."

"Mwambie mama yako zile pazia zake ziko tayari," Mama Mwende akamjibu, na chumba kizima kikacheka, hata askari. Kijana akatia sahihi wa kwanza.

Alikaa ndani ya kile kibanda cha kupigia kura muda mrefu. Muda mrefu kweli. Laini ilinung'unika, mtu mmoja akauliza kama amelala humo. Nikasema atatoka akimaliza. Alipotoka alikuwa amezikunja karatasi zake kwa makini, pembe kwa pembe, kama anavyokunja shuka, akazitumbukiza kila moja kwenye sanduku lake. Karani akampaka wino kidole kidogo cha kushoto. Alikitazama kidole hicho mpaka mlangoni.

Mzee Ouma alifariki kabla ya hapo, sikupata kumsimulia. Nilimsimulia hivyo hivyo, nikitembea kurudi nyumbani na rula kwenye mkoba. Nawashukuru wote wawili, yeye na Mama Mwende. Naishukuru hata mashine, msidhani naichukia. Imewazuia watu wabaya wengi kuliko mimi na rula yangu. Ila itakuambia tu kwamba haimjui mtu. Kazi ya kumjua inabaki kuwa yako, na ndiyo maana wamekuajiri.

Wiki moja baadaye nilikwenda bombani kuteka maji. Mama Mwende alikuwa kwenye beseni lake, mgongo kwangu, anafua. Kulikuwa na kitu cha ajabu kwenye ufuaji wake, na nilisimama na mtungi wangu nikitazama nisielewe. Kisha nikaona. Alikuwa anafua kwa vidole tisa. Kidole kidogo cha kushoto alikuwa amekiinua juu, kikavu, nje ya povu, na wino uko pale mweusi kama siku ya kwanza.

"Bado haujatoka?" nikamuuliza.

"Utatokaje na sijaugusa?" akasema, bila kugeuka. "Madoa yote ya Kawangware hii nimetoa mimi. Hili limenikaa vizuri." Akakamua shati, akalitupia kwenye beseni la pili, ndipo akanigeukia, akanitazama kuanzia viatu mpaka shingoni.

"Na hiyo blauzi," akasema, "siku hizi nani anakufulia? Kola imekuwa ya manjano, Mama Kioko. Ni aibu. Ilete hapa."

Niliuacha mtungi hapo hapo bombani, bomba linamwagika, nikakimbia na magoti yangu haya mabovu kwenda kuivua nimletee, kabla hajaghairi.